Majani ya Jumatano

Bwenini, Arusha
3 Februari 1963

Kwa Kaka Lomayani,

Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara nne. Hii ya tano naitia kwenye bahasha kabla sijaisoma tena, kwa hiyo ukikuta nimekosea unisamehe.

Mimi ni Mwanamisi, mtoto wa kwanza wa Daktari Sulemani Matano, aliyekukata mguu mwaka wa sitini pale hospitalini Karatu. Labda unanikumbuka. Nilikuwa nikimletea baba chakula kwenye kikapu, napita kando ya ukuta nisisalimiane na mtu. Manesi walisema nina kiburi. Sina. Watu wakinitazama ulimi hunikauka, mpaka leo, na nina miaka kumi na sita. Kwenye karatasi naweza kidogo.

Nakuandikia kwa sababu mama atasoma hitima ya baba tarehe ishirini Aprili, mwaka wa pili sasa. Wadogo zangu pacha, Kurwa na Doto, walikuwa na miaka mitatu baba alipofariki. Likizo iliyopita Doto aliniuliza kama baba alikuwa na ndevu. Nilimjibu, kisha nikaenda kukaa jikoni peke yangu. Nimeanza daftari la kuwasomea. Nataka waliomjua waniambie alikuwaje.

Hapa shuleni tunasema Kiingereza siku zote isipokuwa Jumapili. Mwalimu alitupa insha ya mtu tunayemheshimu, nikaandika kwamba baba yangu alikuwa daktari wa upasuaji, alizaliwa Pangani, alisoma Makerere, alikataa kuhamishiwa Dar es Salaam kwa kuwa nyumba aliyopewa kule ilikuwa ya mtu mmoja, naye hakutaka kukaa mbali nasi. Ilisomwa mbele ya darasa, wakapiga makofi. Niliona haya, kwa maana mtu yule wa kwenye insha simjui. Kwa Kiswahili ndipo baba anakuja mwenyewe. Anakuja na harufu ya sabuni ya dawa, anavua viatu mlangoni, anauliza, "Nani hajala?" Hata kama wote tumeshiba, mmoja wetu lazima aseme yeye hajala, ili baba asile peke yake. Vifungo vya sare yangu alishona yeye, kwa fundo lile lile la kufungia mishipa ya damu. Mama akitaka kukitoa kifungo inabidi akate kitambaa, na alikuwa akimtania kwamba ameolewa na fundi cherehani aliyepotea njia.

Wewe ulilazwa pale miezi minne. Mama anasema baba alikufundisha kusoma. Niandikie neno lolote, hata dogo.

Najua mzee wako aligombana na baba. Nilikuwa dirishani siku ile. Sikuulizi hilo. Nakuambia tu kwamba tangu siku ile baba aliacha kuuliza nani hajala.

Wako,
Mwanamisi binti Sulemani


Zahanati ya Nainokanoka
20 Februari 1963

Binti wa daktari,

Takwenya. Hiyo ni salamu, na ungekuwa hapa ungejibu "iko".

Barua yako ilikaa dukani kwa Mzee Zaidi pale Karatu mpaka lori likapanda huku. Nimeisoma peke yangu. Mimi ndiye ninayeandika majina ya wagonjwa hapa zahanati, kwa hiyo kusoma sijasahau.

Jina la baba yako ulilolitaja, mimi sitaliandika. Kwetu mtu akifa jina lake linaachwa. Nitasema daktari. Usidhani ni dharau.

Unataka neno la kuwasomea watoto. Andika hivi. Nyati alinipiga mguuni mwezi wa tisa. Nilipofikishwa Karatu mguu ulikuwa umeoza, hata ndugu yangu Metui aliyenibeba alikuwa akigeuza uso. Mzee wetu alikuwa mbali na ng'ombe. Daktari alituma watu wawili wamtafute, akamngoja siku mbili, wakamkosa. Akaniuliza mimi. Nikamwambia kata. Siku ya tatu alinipa nusu kaputi akakata, nikaishi.

Mzee aliporudi, mwezi wa kwanza, alikuta nina mguu mmoja. Rika langu lilikuwa limeshanitaja niwe laigwanani, msemaji wake. Laigwanani hatakiwi awe na kilichopungua mwilini. Kwa hiyo mzee alimwambia daktari maneno pale uwanja wa hospitali. Ulikuwa dirishani lakini Kimaasai hujui. Ilikuwa laana. Mzee akilaani, si kama matusi ya sokoni. Inatoka inakwenda, mpaka imkute mtu wake.

Nilimwambia mzee kwamba mimi ndiye niliyesema kata. Alikaa nalo miezi mitatu. Kisha aling'oa majani mabichi kwa mkono wake, akayafunga kwa ukanda wa ngozi, akampa Metui ayapeleke nyumbani kwenu. Kwetu mtu akikupa majani mabichi anakuomba amani. Akiyapokea mwenye nyumba, maneno yote ya nyuma yamekufa. Hakuna mtu anayeyatupa.

Metui aliyatia mkononi mwa msichana aliyefungua mlango, mtumishi wenu nadhani. Alilala Karatu angoje jibu. Asubuhi akapita nyuma ya nyumba yenu akayaona jalalani, pamoja na majivu na maganda ya ndizi. Akarudi huku. Siku mbili baadaye gari la daktari lilitumbukia bondeni kutoka barabara yetu, pale ukingo wa kreta.

Ndiyo maana hakuna mtu wa boma letu aliyekuja kuzika. Umeniomba neno nimekupa. La pili sina.

Lomayani ole Moloimet


Zahanati ya Nainokanoka
17 Machi 1963

Binti wa daktari,

Lori limepanda mara tatu bila barua yako. Naona nilikujibu kama mtu anayefukuza fisi. Wewe uliuliza habari za baba yako tu.

La pili ninalo. Haya andika.

Gongo langu alilitengeneza mwenyewe. Alinipima begani mara mbili, akalikwangua kwa kisu cha zamani cha hospitali, akaja wodini na wadogo zako wawili, mmoja kila mkono. Akaliweka gongo juu ya viti viwili akawaambia waning'inie. Wakaning'inia wanapiga kelele, nesi Antonia anakuja mbio kuwakemea. Daktari akaniambia, "Halijavunjika kwa hawa, basi kwako litadumu." Nimeliegemea sasa hivi naandika.

Sentensi ya kwanza aliyonifundisha kuandika haikuwa jina langu. Ilikuwa "mimi sijala". Alisema nikijua kuandika hiyo sitakufa njaa mahali popote penye watu. Tulicheka mimi na yeye. Sikujua ilitoka nyumbani kwake mpaka nilipoisoma katika barua yako.

Na jioni alikuwa akikaa kitandani kwangu anafunga mafundo ya uzi kwenye chuma cha kitanda, huku ananiuliza habari za mzee. Ni mtu wa namna gani, anapenda nini, ana watoto wangapi. Nilimwambia anapenda tumbaku na kugombana. Alitaka mzee akija wazungumze vizuri.

Sasa nikuambie nililoficha mara ya kwanza. Mzee wangu macho yamemwisha. Anakaa mlangoni mwa boma, hasemi na mtu. Anaamini yeye ndiye aliyemuua daktari. Anasema alituma majani yairudishe laana, majani yakakataliwa, laana ikaenda ikafanya kazi yake. Ng'ombe akifa anasema ni malipo. Mtoto akikohoa anasema ni malipo. Mimi mwanawe mwenye mguu mmoja namwangalia tu.

Kama unajua kwa nini nyumba yenu iliyakataa majani, niambie.

Lomayani


Bwenini, Arusha
28 Machi 1963

Kaka Lomayani,

Kwetu hatukuwa na mtumishi. Msichana yule ni mimi.

Nimeliandika. Sasa acha nieleze polepole, maana sijapata kumwambia mtu yeyote, na nisipoliandika lote leo nitalichana tena.

Ilikuwa Jumatano. Mama alikuwa amekwenda na pacha kwa Bi Mwajabu, jirani yetu. Nilikatazwa kufungua mlango nikiwa peke yangu. Hodi ikapigwa, nikafungua nikidhani ni mama. Alikuwa morani, mrefu, amesimama hatua moja nyuma ya kizingiti. Sikumtazama usoni. Nilitazama miguu yake, katambuga zake za mpira wa gari, na vumbi jekundu mpaka magotini. Alinyoosha mikono yote miwili na yale majani akasema maneno mengi, taratibu, kisha akanyamaza akangoja. Nilijua anangoja kitu. Niliyapokea ili aondoke. Nikasema asante. Nikafunga mlango na komeo.

Nilidhani ni dawa ya kienyeji, au ni chakula cha mbuzi anauza. Niliyaweka juu ya meza nikaanza kuogopa. Baba akiyaona atauliza nani ameyaleta, nami nitalazimika kusema nilifungua. Kwa hiyo jioni nilipofagia uwanja niliyatia kwenye taka, nikayapeleka jalalani nyuma ya jiko. Ukanda wa ngozi niliubakiza kwa sababu ulikuwa mzuri. Nimefungia vitabu vyangu miaka miwili. Nimeutia katika bahasha hii. Sistahili kuwa nao.

Jumamosi baba alijitayarisha kusafiri. Mama alimwambia ukungu ni mwingi huko juu na masika yameanza, akajibu kuna mgonjwa Nainokanoka. Mimi nilikuwa mlangoni nampigia viatu rangi. Alikuja akachutama karibu yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Misi, hakuna mgonjwa. Nakwenda kwa yule mzee wa Lomayani. Mama yako usimwambie, atahofu. Mtu akikukasirikia kwa ajili ya mtoto wake, huwezi kukaa tu nyumbani na wako." Alikuwa na blanketi jekundu jipya, mfuko wa sukari, na tumbaku. Nilijua basi kwamba anakwenda kwa Wamaasai. Ningeweza kusema, "Baba, Jumatano alikuja morani." Ni maneno manne. Nilipaka rangi kiatu cha kushoto mara ya pili.

Alikuwa anakuja kwenu kuomba amani ambayo ilikuwa imekwisha fika nyumbani, nami nilikuwa nimeifagia. Hayo nimeyajua katika barua yako. Kabla yake nilijua tu kwamba nilificha jambo, na nilikuwa nikijiambia ni dogo.

Kwa hiyo mwambie mzee wako si laana yake. Ni mimi. Nakuomba umwambie upesi.

Mama hajui lolote. Polisi walimrudishia vitu vya garini akadhani blanketi baba aliwanunulia pacha. Ndilo wanalojifunika.

Sistahili kukuita kaka, lakini sijui nikuite nani.

Mwanamisi


Zahanati ya Nainokanoka
6 Aprili 1963

Dada Mwanamisi,

Nimeisoma barua yako kwa mzee. Nilimsomea jioni ng'ombe wakiingia, nikiigeuza kwa Kimaasai sentensi moja moja. Metui alikuwepo. Mama zangu walikuwepo, na mdogo wangu Naipanoi aliyekuwa akikamua aliacha kukamua.

Nilipomaliza mzee aliuliza, "Daktari aliyaona?" Nikasema hakuyaona. Akauliza tena, kwa namna nyingine, kama anayetega. Nikasema hakuyaona kabisa, baba, mtoto aliyaficha. Akasema, "Basi hakunikataa."

Nikampa ukanda. Aliupapasa, akaunusa, akasema huu niliukata mimi, ngozi ya ndama wa yule mweusi. Kisha akataka kujua daktari alikuwa amebeba nini. Nikamtajia. Akauliza, "Tumbaku ya namna gani?" Nikasema binti hakuandika. Akakasirika kidogo kwamba hukuandika, tukamwona yule mzee wa zamani. Halafu akajifunika uso kwa shuka, akakaa hivyo mpaka ng'ombe wote walipokwisha kuingia. Tulimsikia. Sijawahi kumsikia hivyo, hata siku aliponiona na mguu mmoja.

Metui alitoka nje. Baadaye nilimkuta anapiga mti kwa rungu. Anasema alisimama nyuma ya nyumba yenu asubuhi ile, akayaona majani, na mlango ulikuwa palepale. Hakubisha tena. Alikasirika akaondoka. Anasema angebisha mara moja tu, mtu mzima angetoka, na daktari asingepanda gari. Kwa hiyo sasa tuna watu watatu wanaosema ni mimi. Wa nne ni mimi niliyesema kata.

Maneno ya mzee kwako ni haya, nayaandika alivyosema. "Mwambie yule mtoto mimi siwezi kumsamehe, kwa sababu hakunikosea. Aliyekosewa yuko nyumbani kwao. Ana mama."

Mzee anataka kuja Karatu siku ya hitima. Hajashuka huko tangu mwaka ule. Anataka kuleta majani kwa mkono wake. Atanishika bega, mimi nitashika gongo. Watu wa Karatu wataona kipofu anaongozwa na kiguru, wacheke, hatukatazi. Lakini amesema hataingia kwa mjane ambaye hajui tumebeba nini na kwa nini tumechelewa. Ukishindwa kumwambia, hatuji. Hakusema kwa hasira.

Najua si rahisi kwako. Mimi nilikuwa nakuona ukipita kando ya ukuta.

Lomayani


Karatu
13 Aprili 1963

Kaka Lomayani,

Nimefika nyumbani Jumatatu. Jumatatu sikusema. Jumanne sikusema. Jumatano mama alikuwa barazani anachambua mchele wa hitima, peke yake, na mimi nikasimama nyuma yake na maneno yote mdomoni, yakakataa kutoka. Nikaingia ndani nikaandika. Mama hasomi herufi hizi za shule, anasoma za Kiarabu, za chuoni. Kwa hizo mwandiko wangu ni mbaya, lakini niliandika yote, Jumatano ile na Jumamosi ile, nikaiweka karatasi kwenye ukingo wa ungo, nikakaa chini.

Alisoma. Akarudia kusoma. Punje za mchele zilikuwa zinamdondoka kwenye kanga asizione.

Akauliza, "Ulitupa upande gani?" Nikamwonyesha kwa mkono. Akainuka, akaenda nyuma ya jiko. Hakuna kitu pale sasa, Kaka Lomayani, tulifukia jalala mwaka jana tukapanda maboga. Alisimama kwenye maboga kwa muda mrefu. Nilidhani atarudi anipige na nikatamani. Alirudi akakaa, akauvuta ungo, akachambua. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi aliniambia kuna mgonjwa."

Nikasema ndiyo, mama.

"Wewe alikuambia kweli."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa hilo. Miaka miwili mama amekuwa akiwaambia watu kwamba mumewe alikufa akienda kuokoa mtu. Wanaume msikitini wanalisema, wanawake wanalisema, pacha wamekariri. Nimemnyang'anya hilo pia.

Tangu hapo hajaniita kwa jina. Chakula ananiwekea. Uwanja anafagia mwenyewe, asubuhi na jioni, na nikishika ufagio ananipokonya. Bi Mwajabu alipomwuliza kwa nini bibi mzima anafagia na binti yupo, alimjibu kwamba binti amechoka na shule.

Jana alilitoa blanketi kitandani kwa pacha. Kurwa alilia. Alilifua, akalianika, akalikunja mara nne, akaliweka kwenye kiti cha baba. Leo asubuhi alikuja nilipokuwa nakuna nazi, akasimama mlangoni mwa jiko. Alisema, "Mwandikie yule mzee aje achukue kitu chake. Mume wangu alimnunulia yeye." Akaondoka. Akarudi. "Na majani aje nayo. Mlango utaufungua wewe."

Kwa hiyo njooni. Barua hii nampa dereva wa lori mkononi, anasema anapanda kesho. Nimewafundisha Kurwa na Doto lile la gongo. Wanataka kuona kama bado halivunjiki, uwe tayari. Na Doto nimemfundisha swali la baba. Atasimama barazani kumwuliza kila anayeingia, nani hajala. Wewe jibu lake ulifundishwa.

Tumbaku ilikuwa ya kunusa, kwenye kopo dogo la bati. Mama amelitafuta akaliona. Mwambie mzee.

Mtakapobisha nitafungua, na safari hii nitamtazama mtu usoni, hata kama yeye hanioni. Lakini majani msinipe mimi. Mpeni mama.

Mwanamisi